Kabla ya kusema mti huu unaua bakteria

Unga wa mizizi ulionunuliwa Soko la Kilombero, Arusha, au Mbuyuni, Moshi, haufai kupelekwa maabara kupimwa. Si kwamba wauzaji hawaaminiki. Mzizi ukishasagwa, hakuna anayeweza kuutazama na kusema kwa hakika umetoka kwenye mti gani, na kipimo cha mti usiojulikana hakimsaidii mtu, hata kikifanywa kwa mashine bora kuliko zote. Kazi nyingi za mitishamba huharibikia hapo, kabla hata chupa ya methanoli, kiyeyushi cha kutolea dawa kwenye mmea, haijafunguliwa.

Chukua mtandamboo, Carissa spinarum, ambao Wamasai wanauita olamuriaki. Ndio uliopata umaarufu kwa jina la mugariga mwaka 2011, watu walipofurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa. Kwenye vichaka vya Arusha unaweza kuukuta karibu na olmorijoi, Acokanthera schimperi, ambao tangu zamani hutumika kutengeneza sumu ya mishale. Yote miwili ina majani magumu yanayokaa mawilimawili, utomvu mweupe, maua meupe yenye harufu tamu, na matunda yanayoiva yakawa ya zambarau iliyokolea. Mtandamboo una miiba, olmorijoi hauna. Basi, tofauti ya kutazamwa kwa haraka ni hiyo. Olmorijoi una ouabaini, kemikali inayovuruga mapigo ya moyo hadi kuyasimamisha. Ukipewa mizizi ya miti hii imekaushwa na kusagwa, macho hayatakusaidia.

Kwa hiyo tunaanzia porini, na tunaanza na tawi. Tunakata tawi lenye majani na maua au matunda, linalotosha ukurasa wa gazeti, na kulibana katikati ya magazeti na makaratasi magumu. Siku za mwanzo magazeti hubadilishwa kila siku ili tawi lisiote ukungu. Tunabana matawi matatu ya mmea uleule: moja linabaki kwetu, moja linakwenda Hifadhi ya Taifa ya Mimea iliyoko Ngaramtoni, na la tatu ni akiba. Kwenye lebo andika tarehe, mahali, mwinuko, urefu wa mti, jina la kienyeji, na rangi ya ua, kwa kuwa rangi hupotea ua likikauka. Namba ya tawi hilo ndiyo itakayoandikwa kwenye kila chupa na kila sahani ya kupimia bakteria hadi mwisho wa kazi. Chupa isiyo na namba hiyo tunaimwaga, hata kama iligharimu wiki nzima.

Vibali havikwepeki: maadili ya utafiti, serikali ya kijiji, na mamlaka ya msitu au hifadhi kama mti uko ndani ya mpaka wao. Hayo huchukua miezi, kwa hiyo yaanze mapema.

Mganga naye aulizwe kwa utulivu. Baada ya shikamoo na maongezi ya kawaida, maswali yenye faida ni haya: Mzee, unachukua sehemu gani ya mti, na msimu gani? Unatia konzi ngapi kwenye maji kiasi gani? Unajuaje kwamba imeiva? Unachanganya na supu au maziwa? Mgonjwa anakunywa siku ngapi? Na nani hapewi kabisa? Swali hilo la mwisho lina thamani kubwa. Akisema mjamzito hapewi, au mtoto hapewi, amekupa dalili ya sumu ambayo ungekuja kuihangaikia baadaye. Tunabeba mizani ndogo ya betri, mganga anachota konzi yake kama anavyochota siku zote, nasi tunaipima palepale. Ukiandika "konzi moja" bila gramu, huwezi kuja kulinganisha kilichomo kwenye kikombe na kilichopimwa kwenye sahani.

Kuhusu magome tuna msimamo mkali. Mti wa Prunus africana wa Kilimanjaro umo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, tangu 1995 kwa sababu ya kuchunwa gome kwa biashara. Osokonoi, yaani Warburgia, nao huchunwa mno kwa kuwa gome lake kali kama pilipili linapendwa. Gome likichunwa kuzunguka shina lote, mti unakufa. Chuna ukanda wa wima, usizidi robo ya mzunguko, kwenye mti mkubwa tu. Na kabla ya kuchuna, jiulize kama majani au vijiti vinaweza kutoa kitu kilekile. Mara nyingi inafaa kuvipima sambamba na gome, maana majani yakionyesha nguvu inayokaribiana, umeuokoa mti.

Kukausha kunaonekana kazi ya nyumbani, lakini matokeo mengi ya uongo yanazaliwa hapa. Majani yanapoteza sehemu kubwa ya uzito, kwa hiyo ili upate gramu 100 za unga chuma karibu nusu kilo. Yaanike kivulini, juu ya wavu, kwa tabaka jembamba, na yageuzwe asubuhi na jioni. Jani liko tayari linaposagika vidoleni, gome linapokatika kwa mlio. Mjini Moshi wakati wa masika, na Arusha Julai ukungu unaposhinda mchana kutwa, wiki inapita na majani bado yananyumbuka kama ngozi. Hapo kuvu wanaota, na kuvu wengine wanatengeneza viuavijasumu vyao wenyewe. Ukisaga majani hayo, sahani itaonyesha bakteria wamekufa, nawe utaandika kwamba mti una nguvu, kumbe nguvu ni ya kuvu. Tumia kikaushio chenye feni kwenye nyuzi 40, na jani lenye doa la kijivu au harufu ya stoo litupwe. Mimea yenye mafuta ya kunukia, kama kivumbasi, haikaushwi hivyo: mafuta yake hutolewa kwa mvuke ikiwa bado mibichi, la sivyo utapima makapi.

Joto linaharibu dawa, na mfano mkubwa ni Artemisia annua. Tu Youyou na wenzake nchini China walipata matokeo yasiyotabirika dhidi ya malaria hadi walipoacha njia ya joto na kutumia etha, kiyeyushi ambacho huchemka kwenye nyuzi 35 hivi. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo rotavepa yetu, mashine inayotoa kiyeyushi kwa kupunguza mgandamizo wa hewa, haizidishwi nyuzi 40 kwenye beseni lake la maji, hata foleni ya watumiaji ikiwa ndefu kiasi gani.

Kwa unga wa gramu 100 tunatia lita moja ya methanoli kwenye chupa ya kioo, tunaacha saa 72, tunatikisa mara tatu kwa siku, tunachuja kwa pamba kisha kwa karatasi ya Whatman namba 1. Makapi yanarudiwa kwa methanoli mpya, na vyote vinachanganywa. Baada ya rotavepa, ekstrakti, yaani kilichotolewa kwenye mmea, inaachwa wazi ndani ya kabati la kuvuta hewa hadi uzito wa leo na wa jana ulingane. Methanoli iliyobaki inadanganya mara mbili: inaongeza uzito, na inaua bakteria. Usitumie vyombo vya plastiki hatua hii. Plastiki inaachia kemikali za kuilainisha, nazo zimewahi kuripotiwa kama viambata vya mimea katika maandishi mengi duniani. Ili ujihakikishie, pitisha lita moja ya methanoli isiyo na mmea wowote katika hatua zilezile, kisha upime mabaki yake pamoja na ekstrakti nyingine.

Sambamba na methanoli, chemsha kama mganga anavyochemsha, kwa vipimo vyake. Maji ya mmea yasiachwe mezani usiku kucha, yanachacha. Yachuje, yazungushe kwenye sentrifuji ili utomvu na wanga vizame, ndipo uyakaushe kwa kugandisha. Kichujio cha mikromita 0.22 kinaziba haraka ukiruka hatua ya sentrifuji. Unga wa mimea una mbegu za bakteria wa Bacillus zinazovumilia kuchemshwa, na hizo ndizo zinazofanya kishimo cha sahani ya kupimia kichafuke bila wewe kupanda bakteria.

Sasa otoklevu, sufuria ya mgandamizo inayoua vijidudu kwa mvuke. Vitabu vinasema mgandamizo wa psi 15 kwa dakika 15, nyuzi 121. Vitabu hivyo viliandikwa kwa watu walio usawa wa bahari. Arusha iko mita 1,400 hivi juu, maji yanachemka karibu nyuzi 95, na geji ikisoma psi 15 ndani kuna nyuzi 118 tu. Kufikia 121 unahitaji karibu psi 17. Moshi, kama 16 na nusu. Kama sufuria yako ya mgandamizo ina uzito usiobadilika wa psi 15, usiulazimishe. Ongeza muda hadi nusu saa, na hakiki kwa vipande vyenye mbegu za Geobacillus stearothermophilus, bakteria anayevumilia joto, maana utepe unaobadilika rangi hauthibitishi kwamba kila kijidudu kimekufa. Watu wanalaumu aga (jeli ya kuoteshea bakteria) iliyoharibika wakati kosa ni la mwinuko.

DMSO, kiyeyushi tunachoyeyushia ekstrakti, nayo ina vituko vya hali ya hewa: inaganda chini ya nyuzi 18.5. Asubuhi ya Julai, Arusha, utaikuta imekuwa barafu kwenye chupa. Haijaharibika, iache iyeyuke yote kwenye joto la mkono au maji vuguvugu, itikise, ndipo upime. Ekstrakti iliyohifadhiwa ndani yake ikiganda nusu na ukapipeti sehemu iliyo majimaji, kipimo chako kitakuwa si kile ulichoandika.

Tunayeyusha miligramu 100 za ekstrakti katika mililita moja ya DMSO. Kutoka hapo mikrolita 40 zinaingia kwenye mikrolita 960 za brothi ya Mueller-Hinton, mchuzi wa kuoteshea bakteria: una miligramu 4 kwa mililita, na DMSO asilimia 4. Inua mrija kwenye mwanga. Ukiona chengachenga zimeanguka chini, ekstrakti imekataa maji, na namba zote zitakazofuata ni za kubahatisha. Anza na kiwango kidogo zaidi.

Kwenye sahani ya vishimo 96 kila kishimo kinapata mikrolita 100 za brothi. Mikrolita 100 za ekstrakti zinatiwa safu ya kwanza, zinachanganywa, mikrolita 100 zinahamishwa safu ya pili, hivyo hivyo hadi ya nane, na za mwisho zinamwagwa. Kisha kila kishimo kinaongezwa mikrolita 100 za bakteria. Hesabu inayokosewa zaidi iko hapa: ekstrakti imepunguzwa nusu mara ya kwanza ilipoingia kwenye brothi, na nusu tena bakteria walipoingia. Safu ya kwanza basi ina mikrogramu 1,000 kwa mililita, si 4,000 wala 2,000, na DMSO imebaki asilimia 1. Zinazofuata ni 500, 250, 125, 62.5, 31.25, 15.6 na 7.8.

Bakteria wachukuliwe kwenye aga iliyooteshwa usiku mmoja, wakorogwe kwenye maji ya chumvi hadi ukungu wake ulingane na kiwango cha McFarland 0.5, yaani takriban milioni 150 kwa mililita. Spektrofotomita kwenye nanomita 625 isome kati ya 0.08 na 0.13. Punguza mara 150, upate milioni moja kwa mililita; ndani ya kishimo watakuwa laki tano. Watumie ndani ya nusu saa, kwani hawakai wakikusubiri. Ili kuhakiki, mara tu baada ya kupanda chukua mikrolita 10 kutoka kishimo kisicho na dawa, zitie kwenye mililita 10 za maji ya chumvi, paka mikrolita 100 kwenye aga. Kesho yake makoloni yawe karibu 50. Yakiwa matano, dawa yako imepigana na jeshi lisilokuwepo.

Kila sahani inabeba vishimo vya ulinganisho: brothi tupu, bakteria bila dawa, bakteria na DMSO asilimia 1, ekstrakti bila bakteria, na jentamaisini, kiuavijasumu kinachojulikana. Kwa E. koli ATCC 25922, bakteria wa kuhakikia kipimo, jentamaisini inapaswa kuzuia kati ya mikrogramu 0.25 na 1 kwa mililita. Ikitoka nje ya hapo, sahani nzima haisomwi. Hatujadiliani kuhusu hilo, hata kama upande wa ekstrakti unapendeza.

Inkubeta, kabati la kuoteshea bakteria, iwe nyuzi 35 hadi 37, saa 16 hadi 20, sahani ikiwa ndani ya boksi lenye karatasi mbichi ili vishimo vya pembeni visikauke wakati wa kiangazi. Umeme ukikatika usiku na chumba kikashuka hadi nyuzi 20, bakteria watajikongoja, na asubuhi utaona ekstrakti dhaifu imegeuka shujaa. Kipimajoto kinachotunza kumbukumbu ya joto la juu na la chini kinagharimu kidogo kuliko sahani moja iliyopotea. Kishimo cha bakteria bila dawa kisipokuwa kizito kama tui jembamba, rudia kazi.

Ekstrakti za majani ni za kijani kibichi, na macho hayaoni utusitusi ndani yake. Tunatia mikrolita 40 za INT, kemikali inayobadilika rangi, miligramu 0.2 kwa mililita, na kusubiri nusu saa: penye bakteria hai panageuka wekundu. Lakini ekstrakti nyingi zina kemikali zinazoweza kuigeuza rangi zenyewe, bila kiumbe hai. Hapo ndipo kile kishimo cha ekstrakti bila bakteria kinapolipa. Kikiwa chekundu, acha rangi, paka mikrolita 10 za kila kishimo kwenye aga safi, uhesabu kilichoota. Hatua hiyohiyo inakuambia kama dawa inaua au inazuia tu: kiwango cha kuua kikiwa hadi mara nne ya kile cha kuzuia, tunasema inaua.

Je, namba gani ni nzuri? Kwa ekstrakti ghafi, MIC, yaani kiwango kidogo kabisa kinachozuia bakteria kukua, ya mikrogramu 100 kwa mililita au chini inastahili kufuatiliwa. Kati ya hapo na 625 ni ya wastani. Miligramu 10 au 50 kwa mililita si kitu: kwa wingi huo tanini pekee inashika protini za bakteria na kuwazima, kama inavyofanya kwenye ngozi inayotengenezwa kwa magome. Olkiloriti, mwakasia ambao Wamasai wanautia kwenye supu, umejaa tanini. Kabla ya kuusifu, pitisha ekstrakti yake kwenye unga wa PVPP unaonasa tanini, upime tena. Nguvu ikitoweka yote, umejifunza jambo la kweli kuhusu mti huo.

Njia ya diski, yaani kuweka kikaratasi chenye dawa juu ya aga yenye bakteria na kupima duara wasipoota, bado inapendwa kwa kuwa picha zake zinaonekana vizuri. Tunaitumia kuchuja tu. Aga iwe na unene wa milimita 4, mililita 25 hivi kwenye sahani ya milimita 90, imwagwe juu ya meza iliyonyooka. Ikiwa nyembamba upande mmoja, duara linakuwa kubwa upande huo. Tatizo lisilorekebishika ni kwamba viambata vya mafuta havisambai kwenye aga. Mti wenye nguvu halisi unaweza kutoa duara dogo, na mti dhaifu wenye kemikali nyepesi ukatoa duara kubwa. Na kulinganisha diski ya siprofloksasini, kiuavijasumu cha hospitali, yenye mikrogramu 5 na diski ya ekstrakti yenye miligramu kadhaa, kisha kuandika kwamba mti "unakaribia" siprofloksasini, si haki kwa msomaji.

Rudia kwa siku tatu tofauti, kila siku bakteria wapya. Vishimo vitatu vya siku moja ni kipimo kimoja. Na kwa kuwa viwango vinaongezeka maradufu, tofauti ya hatua moja, kama 125 na 250, haina maana yoyote. Andika thamani iliyojirudia zaidi, usiandike wastani wenye desimali.

Sumu ipimwe mapema, kabla ya kushangilia. Mabuu wa Artemia, viumbe wa maji chumvi wanaoanguliwa kwa saa 24 hadi 48 kwenye maji yenye gramu 35 za chumvi ya bahari kwa lita, ni mwanzo wa bei nafuu: mabuu 10 kwa kila kichupa, viwango mbalimbali, hesabu waliokufa baada ya saa 24. Si binadamu, na zipo sumu wasizozihisi, kwa hiyo hatua ya pili ni seli za mamalia kama Vero. Gawanya kiwango kinachoua nusu ya seli kwa MIC. Jibu likiwa moja au chini, unacho kitu kinachoua kila kilicho hai, na jiki inaweza hilo tayari. Mizizi ya jamii ya Zanthoxylum, ambayo Wamasai wanaijua kama oloisuki, ina alkaloidi zinazoua bakteria na seli kwa pamoja. Bila kipimo hiki ungeitangaza dawa.

Kutenganisha viambata kunakatisha tamaa kwa namna yake. Ekstrakti ya MIC 60 inapita kwenye safu ya silika, bomba lenye unga unaotenganisha kemikali, vinatoka vipande kumi, na hakuna hata kimoja chenye nguvu hiyo. Changanya vyote upya kwa uwiano wao wa awali na upime. Nguvu ikirudi, viambata vinasaidiana. Isiporudi, kimoja kimeharibika au kimenasa kwenye silika. Poligodiali, kemikali ya Warburgia, kwa mfano, ina aldehidi mbili zinazopenda kujifunga na vitu vingine, ikiwemo protini za brothi. Haitulii kama unavyotaka.

Kwa kipimo cha DPPH cha kuzuia oksidesheni tunasema wazi: karibu kila jani la kijani litakupa jibu zuri, hata majani ya chai. Kifanye kama kinahitajika, ila kisibebe hitimisho. Maji ya mganga yakikosa nguvu dhidi ya bakteria, usiandike kwamba dawa yake haifanyi kazi. Huenda inapunguza maumivu au uvimbe, na sahani haina maumivu.

Matokeo yakikamilika yanarudi kwa mganga, kwa Kiswahili au kwa Kimasai kupitia mtu anayemwamini. Anaelezwa kilichopimwa, kwamba kimepimwa kwenye sahani na si kwa mgonjwa, na kama kiwango cha sumu kiko karibu na kilichomo kwenye kikombe chake, anaambiwa siku hiyohiyo, kwa gramu za konzi yake mwenyewe iliyopimwa mwanzoni. Makubaliano ya jina lake kuandikwa au kufichwa, na ya mgawo wake kama kitapatikana kitu cha kuuzwa, yanakuwa yamesainiwa kabla ya tawi la kwanza kukatwa, na nakala moja inabaki ofisi ya kijiji.